Nguzo Iliyooshwa

Upele ulirudi siku ya tatu. Mwalimu aliuona asubuhi akifagia sebule: doa la rangi ya chungwa, upana wa kifungo cha shati, katikati ya nguzo ya jiwe jeusi ambayo mume wake alikuwa ameiosha kwa tindikali mara mbili na kuisugua kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa. Alilikwangua kwa ukucha, halikutoka. Alipoinama kulitazama vizuri, joto lilimpiga usoni, joto la jiwe lililoshinda juani, ingawa nyumba ilikuwa bado ya baridi na mapazia hayajafunguliwa.

Alimwita mumewe. Mumewe alikuja na futi.

Jina la huyu bwana wenzake ofisini walikwisha kulisahau. Walimwita Vipimo, naye maskini alidhani ni sifa. Alikuwa mpima viwanja, mtu wa kukuambia kuwa mlango wako umepinda nusu sentimita kabla hajakusalimia, na siku moja alipokwenda kumpa pole mgonjwa alitoa futi akapima kitanda. Hakujua chochote kisicho na namba, wala hilo halikumkosesha usingizi, kwa kuwa aliamini kwamba kisicho na namba hakipo. Basi alilipima doa, milimita kumi na mbili, akasema ni unyevu tu, akarudi kwenye chai yake.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho mtaani, pale lami inapoishia na uwanda wa mawe unapoanza. Zamani sana mlima ulitapika uji wa moto, uji ukatambaa mpaka huko bondeni, ukapoa, na katika kupoa ukapasuka ukawa maelfu ya nguzo za pembe sita, nyeusi tii, zimesimama zimebanana. Mpita njia akiutazama uwanda ule kwa mbali husema umekufa. Asogee basi. Juu ya mawe kuna upele wa mwamba, wa kijivu na wa chungwa, unaolila jiwe taratibu hata mtu akizeeka akiutazama hataona tofauti. Ndani ya nyufa mna ukoga wa kijani, laini, wenye umande. Palipo na ukoga pamejikusanya udongo wa kujaza kisoda, na katika udongo huo limeota kangaga dogo la majani kama manyoya, na chini ya kangaga kuna mjusi anayekutazama kama wewe ndiye uliyepotea njia.

Wachonga mawe wa pale wana utaratibu wao. Hawagusi nguzo iliyoota kitu. Huchukua zilizoanguka na zilizo kavu, na hata hizo mkuu wao, mwanamke mwenye viganja vipana aliyeitwa Bi Nyundo, huzigonga kwanza moja moja na kutega sikio. Ikilia kama kengele, inaachwa; ikitoa mlio mfu, jiwe ni tupu, inabebwa. Iliyoota kitu hata haigongwi. Watakwambia ina mwenyewe, kisha watahamia nyingine bila mjadala.

Vipimo alitaka nguzo nne za kupamba sebule. Tatu alizipata bila maneno. Ya nne aliichagua mwenyewe, na bila shaka alichagua aliyokatazwa, kwa sababu ndiyo iliyonyooka kuliko zote, japo ilikuwa imevaa upele toka chini mpaka juu na kangaga limekaa kichwani pake. Bi Nyundo alimwomba achague nyingine. Vipimo alimcheka mbele ya wafanyakazi wake, akasema ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke nyundo, na kwamba kama jiwe lina mwenyewe basi alete hati. Kesho yake alileta winchi na watu wa mjini. Bi Nyundo alisonya, akamgeuzia mgongo, akaendelea na kazi.

Sauti zilianza wiki hiyohiyo. Jua likizama mawe ya uwandani hupoa na kulia, ti, ti, ti, na mtu wa pale hashtuki, amelala na mlio huo tangu utotoni. Sasa ulikuwa ndani ya nyumba. Nguzo tatu zilikaa kimya. Ile ya nne ilikuwa ikilia mara moja, inanyamaza, inalia tena, na kati ya mlio na mlio kulikuwa na ukimya wa mtu aliyeuliza swali na anasubiri jibu. Harufu nayo ikaingia, ya njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi, ikakaa kwenye mapazia na mito ya makochi hata madirisha yakifunguliwa kutwa nzima.

Aliyeyazoea haya upesi alikuwa binti yao. Alikuwa na miaka sita, ana kidoti cheusi kidevuni, wote wakimwita Kidoti. Aliacha kucheza nje. Akitoka shule alikuwa akikaa sakafuni, mgongo kwenye nguzo ile, daftari mapajani, na mlio ukianza aliinua kichwa na kutikisa midomo. Mama yake alimuuliza anafanya nini.

"Ananihesabia."

"Nani? Anahesabu nini, mwanangu?"

"Miaka yake. Bado hajamaliza."

Mwalimu alitaka kumwinua amtoe pale, akamshika chini ya makwapa kama alivyofanya mara elfu, na mgongo wake ukakaribia kukatika. Mtoto hakujikaza wala hakucheka. Alikuwa mzito tu, mzito kama kitu kilichochimbiwa ardhini.

Alipoambiwa, Vipimo alifanya lile alilolijua. Alileta mzani. Jumatatu mtoto alikuwa na kilo ishirini na tisa. Jumatano arobaini na moja. Ijumaa sitini na tano, mtoto yuleyule, vile vikono vyake vyembamba, sare ya shule ikimpwaya. Mtu mwenye akili angepiga magoti hapo. Vipimo alibadilisha betri za mzani. Halafu akaenda kununua mzani mwingine, na uliposema vilevile akaandika barua ya malalamiko kwa aliyemuuzia.

Ijumaa hiyo Mwalimu aliona doa la chungwa kwenye kiwiko cha mwanawe. Alilikwangua kwa ukucha. Halikutoka. Kwenye zahanati walimpa mafuta ya kupaka, na muuguzi aliyejaribu kumpandisha mtoto kitandani aliondoka chumbani na hakurudi tena, akatumwa mwingine.

Jioni Mwalimu alimfuata mumewe jikoni na kumwomba kwa sauti ya chini kabisa. "Baba Kidoti, turudishe lile jiwe. Nakuomba. Mtoto anaondoka hivihivi tunamwona."

"Nilirudishe, wale wachonga mawe wanione mjinga?" Vipimo naye alinong'ona. "Kesho kutwa wenzangu wa ofisini wanakuja kuiona nyumba."

Ukiangalia vizuri, hapo ndipo alipojifichua. Alikuwa na siku nne haongei kwa sauti akiwa karibu na sebule. Alikuwa anapita ukutani, macho chini, akielekea chumbani. Alijua. Alijua kama mkewe alivyojua, ila aliona afadhali apoteze mtoto kuliko kuchekwa na mwanamke mwenye nyundo, na sina neno la heshima la kumwita mtu wa namna hiyo.

Jumamosi saa saba mchana, jua likiwa la utosi na mtaa mzima umejifungia ndani kukwepa joto, chaga za kitanda cha mtoto zilikatika zote kwa pamoja, na Mwalimu alipofika mlangoni alimkuta Kidoti amesimama katikati ya mbao, macho wazi, hajaumia, akaanza kutembea kuelekea sebuleni kwa hatua zake ndogo, na kila alipoweka unyayo kigae kilipasuka, kimoja, kingine, kingine, mpaka akafika kwenye nguzo akaketi, na mama yake akamshika mkono aunyanyue, mkono tu, ule mkono aliouosha na kuukata kucha miaka sita, asiweze hata kuusogeza. Kwenye shingo ya mtoto upele ulikuwa umepanda mpaka chini ya sikio.

Mwalimu alikimbia pekupeku mpaka uwandani. Hakueleza sana. Bi Nyundo alimtazama miguu, akachukua nyundo yake, wakarudi pamoja. Walimkuta Vipimo amesimama sebuleni, ameukumbatia mzani.

Bi Nyundo aliigonga nguzo. Ilitoa mlio mfu, kama amegonga gunia la mchanga. Akagonga juu, akagonga chini, akaweka sikio kwa muda mrefu. Alipiga goti, akamwomba mtoto radhi, akamgonga kwenye ugoko kwa kifundo cha kidole.

Ugoko wa Kidoti ulilia kama kengele.

"Jiwe ni tupu," alinong'ona Bi Nyundo. "Mwalimu, amehama."

Vipimo akasema kitaalamu kuna maelezo. Bi Nyundo alimuuliza Mwalimu, polepole, kwa nini waliliosha lile jiwe. Upele ule ndio uliokuwa unamtuliza mwenyewe, alisema. Alikuwa anavishwa nao, analiwa nao kidogo kidogo, amesinzia. Wamemvua, amewekwa uchi katikati ya watu, sasa amejifunika alichokiona hai karibu yake.

Mtoto alifungua mdomo. Midomo ilikuwa yake, lakini sauti ilitoka chini, chini ya vigae, chini ya msingi, na vioo vya madirisha vilitetemeka nayo.

"Mimi nilikuwepo jiwe likiwa uji. Upele ulikuja, ukakaa kwa adabu. Ukoga ukaja. Kangaga likaja, dogo, linatetemeka, nikaliachia ufa. Wewe umekuja na dawa ya kuoshea choo."

Bi Nyundo aliinamisha kichwa, akauliza kwa heshima anataka nini ili amwache mtoto.

"Kilicho hai. Siwezi kukaa uchi."

"Basi mchukue aliyekuvua. Yupo hapa."

Kidoti aligeuza shingo, na shingo ilitoa mlio wa jiwe likisagika juu ya jiwe. Macho yalimpanda Vipimo toka viatuni mpaka kipara. Vipimo alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Huyu nimekwisha kumchungulia. Hana hata ufa wa kuota kitu. Mjusi wangu ana nafasi zaidi."

Mtu mwingine angeumia kwa tusi kama lile. Vipimo alishusha pumzi. Wanawake wote wawili walimwona akishusha pumzi, mabega yakilegea kwa faraja, na nadhani ndicho kitu kibaya kuliko vyote vilivyotokea ndani ya nyumba ile.

"Njoo kwangu," alisema Mwalimu. Alikuwa amekwisha kupiga magoti. "Mimi nina nafasi. Mwache mwanangu."

Harufu ya kiberiti ikawa nzito hata machozi yakawatoka. Halafu sauti ile ikauliza, bila haraka, na bila kumtazama Mwalimu kabisa.

"Mwenye nyumba. Nimchukue nani?"

Vipimo alikuwa na nafasi ya kusema nichukue mimi, angekataliwa hata hivyo, asingepungukiwa na chochote. Alikuwa na nafasi ya kusema usimchukue yeyote. Alikuwa na nafasi hata ya kunyamaza, maana mkewe alikwisha kujitoa mwenyewe. Vipimo aliinua kidole, akamwonyesha mkewe.

Mwalimu alikiona kile kidole. Alikitazama mpaka mwisho, hakupepesa macho, na bado alikuwa anakitazama sakafu iliponguruma, upele ukadondoka kwenye ngozi ya mtoto ukawa vumbi, na Kidoti akaangua kilio chake cha kila siku cha mtoto aliyeamshwa vibaya. Bi Nyundo alimnyakua. Alikuwa mwepesi, mwepesi hasa, kilo zake kumi na tisa, na Bi Nyundo alitoka naye mpaka kwenye jua akimpapasa kichwa na kulia.

Mwalimu aliinuka. Kigae kilipasuka chini ya mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Alisogea mlangoni, na Bi Nyundo, akiwa bado na machozi, alimwambia wasichelewe, waende uwandani sasa hivi, akae kwenye mawe yenye upele siku mbili tatu, na yule mwenyewe atarudi mahali pake bila ugomvi.

"Nitakuja," alisema Mwalimu. Sauti ilikuwa yake, tulivu, ya darasani. "Mtangulie na mtoto. Mpe maji. Mimi nina kazi kidogo nyumbani."

Bi Nyundo alimtazama, akamtazama na yule bwana nyuma yake, akaelewa. Alimbeba Kidoti, akaondoka bila kugeuka.

Jua lilipoanza kushuka Vipimo alipata ulimi wake. Alifagia vipande vya vigae, akahesabu vilivyovunjika, akasema vitapatikana dukani. Akasema kwa bahati nzuri nguzo sasa ni tupu, kwa hiyo haina madhara, inaweza kubaki palepale na wageni kesho wakaiona. Mkewe alimsikiliza kama anayemsikiliza mwanafunzi asiyejua jibu. Kisha alikuja kukaa naye kwenye kochi, na mbao za kochi zikalia, zikapinda, zikatua sakafuni.

Vipimo alisema anakwenda kuchemsha chai. Aliinuka nusu. Mwalimu aliweka mkono mmoja begani kwake, taratibu kabisa, kama mke anayemtuliza mumewe, na Vipimo akarudi chini, akajaribu tena, akasukuma kwa miguu yote miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, asiinuke hata milimita moja.

"Kaa, Baba Kidoti," alimwambia kwa upole, na mkono ukaongezeka uzito. "Sisi hatuna haraka."