Nafasi ya Kalunde

Giza lililokuwa usoni mwa Mzee Wathome halikuwa na sababu. Picha ilipigwa saa saba mchana, uani kwake kijijini Kola, jua likiwa utosini, na hapakuwa na mti wala paa karibu. Mkewe Ndinda alitoka vizuri. Binti yao Nthenya, aliyempakata mtoto wake mchanga, alitoka vizuri pia. Mzee peke yake alikuwa mweusi kuanzia paji la uso hadi kidevuni, kana kwamba kuna mtu alisimama mbele yake.

"Umtoe hiyo giza tu, mwanangu," Ndinda alimwambia Katunge. "Ako kitandani tangu Jumapili, hali chochote. Nataka akiamka ajione."

Katunge alikuwa na studio ndogo mjini Machakos, na mwaka huo wa 2006 ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kurekebisha sehemu moja ya picha kwa kompyuta bila kugusa kwingine. Alichora duara kuzunguka uso wa mzee, akaongeza mwanga ndani ya duara, akalainisha ukingo usionekane. Uso ukajitokeza. Papo hapo chumba kikanuka jivu lililomwagiwa maji. Alichungulia nje, hakuna aliyekuwa akipika.

Asubuhi Ndinda alipiga simu akicheka. Mzee ameamka, amemaliza bakuli zima la muthokoi. Katunge akafungua picha ili aichapishe, na mkono wake ukasita juu ya mausi. Uso wa mzee ulikuwa safi. Giza lilikuwa usoni mwa Nthenya.

Alidhani ni virusi vya kompyuta. Alisafisha mashine, akarudi kwenye picha, akaongeza mwanga usoni mwa Nthenya. Harufu ya jivu ikarudi, nzito zaidi. Alipotazama tena, mtoto hakuonekana. Mahali pake palikuwa na weusi mtupu mikononi mwa mama yake.

Simu ikalia. Ndinda hakuwa akicheka sasa.

"Nthenya alianguka akifua nguo. Ameamka, ako sawa. Lakini mtoto, Katunge, mtoto amekataa titi. Ako baridi."

"Nthenya ampeleke hospitali sasa hivi. Wewe njoo hapa."

Ndinda alifika akihema, akaitazama picha muda mrefu.

"Hiyo ni jini?" alinong'ona.

"Sijui ni nini, mama. Najua linahama kila nikiligusa, na aliyebaki ni wewe."

"Basi lilete kwangu."

Katunge aliondoa mkono kwenye mausi. "Siwezi. Niambie, siku hiyo nyumbani kulikuwa na nani mwingine?"

Ndinda aliketi kwenye kiti cha wateja. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kalunde. Dada ya mzee. Alikuwa amekondeana kwa ugonjwa, na picha tulitaka kumtumia kijana wetu aliye ng'ambo. Nikamwambia akae jikoni asituharibie. Alikaa kando ya jivu akingoja tumwite. Hatukumwita. Siku ya tatu akafa."

Katunge aliupanua upande mmoja wa picha, karibu na Nthenya, akaacha nafasi tupu ya kumtosha mtu. "Mwite," akasema.

Ndinda alipiga magoti mbele ya kioo cha kompyuta, akamwita wifi yake kwa Kikamba, akamwomba msamaha kwa jina lake na jina la mama yake, na Katunge akapitisha brashi ya mwanga polepole juu ya ile nafasi tupu, na giza likateleza kutoka kwa mtoto, likashuka mkononi mwa Nthenya, likavuka, likasimama wima, likapata mabega, likapata kitambaa cha kichwa, na kila brashi ilipopita likazidi kuwa mtu, mpaka uso wa mwanamke mwenye mashavu yaliyobonyea ukawatazama wote wawili, ilhali picha ya Kalunde haikuwahi kuingia katika kompyuta ile.

Kabla hawajainuka Nthenya alipiga simu kutoka hospitali. Mtoto ananyonya.

Picha ilichapishwa, ikatundikwa sebuleni Kola. Miezi miwili ilipita kabla Ndinda hajaingia tena studio, macho yakiwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nitengenezee nyingine," alisema. "Ndogo, ya kubeba."

"Ya nini, mama?"

"Nthenya anamfuata bwanake Athi River. Jana waliondoka na mtoto wakaacha picha kwetu. Walifika Kyumbi njiani, mtoto akaanza kulia na kuwa baridi. Ikabidi warudi." Alivuta shali yake, akasogea karibu na sikio la Katunge. "Na tulipomweka chini ya picha akanyamaza, akamnyooshea Kalunde mikono amchukue."