Jarida la Tisa

"Mgonjwa anasafiri saa kumi. Mpime kabla hajapanda."

Sauti ilikuwa ya Mjomba. Ilitoka kwenye kidude kidogo mithili ya punje ya mahindi, kilichofichwa ndani ya sikio la kushoto la Sindano. Saa yake ya Casio ilisema saa nane na dakika ishirini mchana. Akavuka barabara bila kukimbia, akapita ubavuni mwa Toyota ya kijivu iliyoegeshwa mbele ya duka la vioo, wala hakuitupia jicho. Alijua Mjomba yumo humo, kiti cha nyuma, darubini mapajani.

"Nimepokea," akanong'ona.

Sindano halikuwa jina alilopewa na mama yake. Idara nzima ilimwita hivyo kwa wembamba wake, na kwa sababu alikopita watu waligundua baadaye kwamba wamechomwa. Mjomba naye hakuwa mjomba wa mtu. Alikuwa mkuu wa kitengo, ndiye aliyewafunza kazi Sindano na kaka yake, akala mezani kwao, na miaka sita iliyopita akashika upande mmoja wa jeneza la kaka huyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ghorofa ya pili ya jengo alilokuwa akiliendea palikuwa na ofisi ya mzee aliyejulikana kwa jina la Miwani. Mzee Miwani alipokea majarida ya zamani ya katuni kutoka kwa wakusanyaji, akaagiza yakaguliwe moja moja, akayafunga na kuyapeleka ng'ambo kwa wataalamu wa kuyapa daraja. Huko jarida likishapimwa hufungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye muhuri. Ukilivunja kasha, daraja limekwenda na thamani imekwenda nalo, kwa hiyo maafisa wa forodha huliangalia kwa macho tu. Mpimaji mmoja wa huko alikuwa amekwisha kununuliwa. Angefumba macho, angegonga muhuri, na siri ingepita mipaka yote ikiwa imelala katikati ya kurasa za katuni.

Siri hiyo ilikuwa orodha. Watu kumi na saba waliokuwa wakiipa Idara habari kimyakimya, kwa majina yao halisi na mahali wanapolala.

Orodha ya namna hiyo iliwahi kuvuja mara moja. Ilikuwa na majina tisa, na la nne lilikuwa la Kaka.

Wote tisa waliuawa ndani ya wiki mbili.

Amri ya kumtuma Sindano haikutoka kwa Mjomba. Ilitoka kwa Bibi Mkuu, mwanamke aliyeiongoza Idara yote, baada ya kuambiwa kwamba ni Sindano peke yake anayejua kulishika jarida la zamani bila kuliumiza. Mjomba alikubali shingo upande. Alisema anamwonea huruma, vidonda vya kaka yake bado vibichi.

Mzee Miwani alimpokea kwa furaha ya mtu aliyeachwa njiani na mkaguzi wake wa kila siku. Mkaguzi huyo alikuwa ameitwa ghafla kwenye semina ambayo, kusema kweli, haikuwepo.

"Karibu, mama. Kumi na mawili tu leo," akasema akivuta vitambaa kutoka juu ya meza. "Yanataka vyeo haya kuliko maafisa wa serikali. Nawe usinisainie jarida ambalo hujalikagua. Fomu ina mistari kumi na miwili, na mimi nasoma kila mstari."

Sindano akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha. Akaikausha tena. Hakuvaa glavu, kwa kuwa glavu huziba hisia za vidole.

Nyuma ya shingo yake mtu akapumua.

Hakugeuka. Alikwisha kuzoea. Kila aliposogea karibu na karatasi kuukuu, Kaka alikuja kusimama nyuma yake, kama alivyosimama walipokuwa watoto wakisoma chini ya meza ya chakula. Hakuja na damu wala sanda. Alikuja na harufu ya karatasi iliyokaa kwenye bati, na maneno yaleyale aliyokuwa akimwambia siku zote.

Polepole. Shika pembe ya juu.

Kwenye meza kulikuwa na lenzi ya Nikon, kibanio chenye ncha bapa, tochi ya mwanga wa zambarau inayofichua rangi iliyopakwa upya, na mashine ya kunyooshea makunyanzi: sahani mbili za chuma, ya juu ikiwaka moto, na mkono mrefu wa kuishusha. Miwani alikuwa ameiwasha tangu asubuhi.

La kwanza. Akahesabu kurasa, akanusa, akachunguza mgongo. Safi. La pili lilikuwa na kona iliyokatwa kwa mkasi na mtoto fulani wa zamani aliyetaka kushiriki bahati nasibu. La tatu limepakwa wino mwekundu kwenye jalada, nao ukang'aa chini ya zambarau. Akaandika yote kwenye fomu.

La nne.

Ndani ya jalada la nyuma kulikuwa na kipande cha utepe. Chini ya utepe, filamu ndogo, upana wake kama ukucha.

Akaiinua kwa kibanio, akaweka lenzi. Majina. Akayahesabu, yakawa tisa. Akasoma la nne. Lilikuwa la Kaka.

Ilikuwa ile ya zamani.

"Kituo," akanong'ona mzee alipoinamia bahasha zake. "Nimempata mgonjwa. La nne. Lakini ni orodha ya miaka sita iliyopita."

"Pole sana, mwanangu," Mjomba akasema. Sauti yake ilikuwa laini, ya kufariji. "Basi hakuna mzima aliye hatarini. Chukua filamu, toka. Hayo mengine yaache yasafiri."

Machozi yalimlenga. Kwa dakika nzima alitaka kutii. Alitaka kushuka zile ngazi, aingie ndani ya Toyota, alaze kichwa kwenye bega la mtu aliyemjua Kaka. Akachukua kalamu yake ya Parker asaini aondoke, na macho yake yakaangukia fomu. Mistari kumi na miwili, minne imejaa.

Umeiona haraka mno, Kaka akasema nyuma ya shingo. Nani amekuonyesha?

Sindano akavuta kiti, akaketi tena.

"Sindano? Unatoka?"

"Dakika chache. Mzee asije akashuku."

La tano safi. La sita ukungu kidogo. La saba, la nane. Mjomba akauliza mara mbili nini kinamchelewesha, naye akajibu mara mbili kwamba mzee anapiga soga. Ilikuwa kweli. Miwani alikuwa akimsimulia jinsi mkewe alivyowahi kufungia vitumbua ndani ya toleo adimu, na jinsi ndoa ile ilivyonusurika kwa tundu la sindano.

La tisa likatoka kwenye bahasha yake, na mkono wake ukasita hewani.

*Mpigambizi wa Shaba*, toleo la kwanza. Mtu mwenye kofia ya chuma akishuka kwenye maji meusi, taa mkononi. Jalada bado liking'aa. Mzee Miwani akakatiza hadithi yake, akasema hili litapata tisa na nusu katika kumi, na kama naongopa macho yangu haya yapofuke kesho.

Kaka aliwahi kuwa nalo kama hili. Liliishi ndani ya kisanduku cha bati chini ya kitanda chake. Siku mbili baada ya mazishi Mjomba alikuja kukichukua, kwa usalama wa Idara, akasema. Wiki iliyofuata akampigia simu. Moto umezuka ghalani, mwanangu. Kisanduku kimeungua chote.

Matoleo ya kwanza yako mengi duniani, Sindano akajiambia. Akapiga moyo konde, akafungua.

Pini kwanza. Zilikuwa mbili mgongoni, zinang'aa kama kijiko cha wageni. Lakini karatasi iliyozizunguka ilikuwa na madoa ya kutu, mviringo wa kahawia kila tundu. Pini isiyo na kutu haiachi kutu. Mtu alikuwa amezing'oa za zamani na kutia mpya.

Halafu ukurasa wa kwanza wa ndani. Mtupu, mweupe kuliko wenziwe, kama uliofutwa kwa raba. Tochi ya zambarau haikuonyesha kitu. Akaizima. Akachukua tochi ya kawaida, akailaza mezani ili mwanga upite juu ya karatasi kwa ubavu, kama alivyofundishwa akiwa na miaka saba.

Raba hufuta risasi ya penseli. Haifuti mkandamizo wa mkono.

Vivuli vikainuka kwenye karatasi, herufi moja moja, kubwa, za kujidai.

CHA KAKA. MDOGO WANGU ASIGUSE.

Chini yake kulikuwa na mikandamizo mingine, midogo. Hakuwa na muda wa kuisoma. Nywele zilimsisimka kuanzia kisogoni hadi mikononi, na pumzi ile nyuma ya shingo yake ikakatika, kana kwamba Kaka naye ameona.

Akazikunjua pini kwa kibanio. Ndani ya mkunjo wa mgongo, pale ambapo hakuna anayechungulia, filamu ya pili ilikuwa imelala. Majina kumi na saba. Muuguzi wa hospitali ya mpakani. Mwalimu wa hesabu. Karani wa bandari mwenye watoto watano. Na chini yao, limeongezwa la kumi na nane: jina ambalo mama yake alimpa, na namba ya nyumba anayolala.

Mjomba alilijua jina hilo. Wengine waliolijua walikuwa kaburini.

Hasira ilimpanda, kisha huzuni, kisha vikaja vyote pamoja. Mtu yule alikuwa amekalia kiti cha Kaka mezani kwao. Alikuwa amemwua kaka mtu, akaiba jarida lake, na leo alitaka kulitumia jarida hilohilo kumwua mdogo mtu. Hata bahasha mpya ya maana hakulinunulia.

Akamwomba Miwani akamtafutie kadibodi ngumu chumba cha nyuma, asirudi mpaka aipate iliyonyooka. Filamu zote mbili akazitia kiatuni. Akakizima kidude cha sikioni, akatoa simu, akabonyeza namba ambayo hakuwahi kuipiga.

"Bibi Mkuu. Sindano hapa. Usiseme kitu. Sikiliza tu."

Akaifunika simu kwa fomu, ikiwa hewani. Akaliweka *Mpigambizi* juu ya sahani ya chini ya mashine ya kunyooshea, jalada likitazama juu. Halafu akakiwasha tena kidude cha sikioni.

"Kituo. Nimemaliza. Kumi na moja yanasafiri. Moja nimelikataa."

"Umelikataa kwa nini?" Mjomba akauliza.

"Pini si zake."

Chini barabarani mlango wa gari ukafungwa.

Kiongozi wa kitengo haachi gari wakati wa kazi. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo. Sindano akahesabu hatua kwenye ngazi, thelathini na mbili, hakuna hata moja iliyokuwa na haraka.

Aliingia amevaa koti lake la kila siku. Bastola ya Glock yenye kizuia sauti ilikuwa mkono wa kulia, imeshushwa, kama mtu aliyebeba mwavuli.

"Mwanangu," akasema. "Liko wapi?"

"Uliniambia kisanduku kiliungua."

Mjomba akatikisa kichwa polepole. Alionekana mzee, amechoka, na lililomuumiza Sindano zaidi ni kwamba alionekana kumhurumia kwelikweli.

"Kaka yako alikuwa akiuliza sana. Nilimwonya mara tatu. Nilipoliweka jina lake kwenye ile orodha sikulala mwezi mzima."

"Na langu?"

"Lako nililiweka juzi," akasema. "Nililala."

Macho yake yakaliona jarida. Bastola ikapanda kifuani mwa Sindano, na mkono wa kushoto ukanyooka kulichukua. Hapo ndipo alipokosea. Mtu wa majarida angelivuta taratibu kwa pembe, kwa ncha za vidole viwili. Mjomba alilikumbata kwa kiganja kizima, katikati ya sahani, kama anayenyakua gazeti la jana.

Sindano akauvuta mkono wa mashine.

Chuma cha moto kikashuka. Mjomba akapiga ukelele mmoja, risasi ikaenda darini, na kufumba na kufumbua Glock ilikuwa mkononi mwa Sindano, kifundo cha mkono wa mwenyewe kikiwa kimegeuzwa upande ambao hakikuumbiwa. Akamfungulia sahani. Akamkalisha kwenye kiti cha mkaguzi.

Chini ya fomu, simu ikasema kwa sauti kavu, "Nimesikia yote. Watu wangu wako ngazini. Orodha?"

"Ninazo. Zote mbili. Anayelifuata jarida hili saa kumi atakuja mwenyewe. Mpokeeni."

"Sawasawa. Na wewe?"

"Nimemaliza zamu, Bibi."

Watu watatu waliovaa kiraia wakaingia. Akawapa filamu kwenye bahasha, bastola kwenye mfuko wa karatasi. Mjomba akapita mbele yake akiwa amefungwa pingu, akafungua kinywa kama anayetaka kusema neno. Sindano akamgeuzia mgongo, akayakagua matatu yaliyobaki, akasaini mstari wa kumi na mbili.

Mzee Miwani alirudi na kadibodi yake iliyonyooka. Hakuliona tundu la dari. Aliliona jarida tu, jalada limekunjamana kwa umbo la vidole vitano, pembe moja imebabuka.

"Tisa na nusu," akasema kwa uchungu. "Tisa na nusu, mama yangu."

"Sasa itakuwa mbili," Sindano akasema.

"Moja na nusu," Miwani akamsahihisha. Kazi ni kazi.

"Basi halisafiri. Mwenyewe amekuja kulichukua," Sindano akasema, akaliinua jarida kutoka kwenye sahani.

Akashuka ngazi bila haraka. Toyota ilikuwa bado mbele ya duka la vioo, tupu. Akakitoa kile kidude sikioni, akakitia ndani ya pipa la taka, akasimama pale jua la alasiri lilipokuwa likija kwa ubavu wa barabara. Akafungua ukurasa wa kwanza, akauinamisha kidogo mpaka vivuli vikainuka.

CHA KAKA. MDOGO WANGU ASIGUSE.

Chini yake, kwa herufi zilizopinda za mtoto aliyejifunza kuandika mwaka uleule, kulikuwa na neno moja. Alikuwa amelisahau kabisa. Aliliandika yeye mwenyewe siku Kaka alipokwenda shuleni na kusahau kufunga kisanduku.

*Nimegusa.*

Akangoja pumzi nyuma ya shingo. Haikuja. Akakaza macho kwenye lile neno mpaka likaanza kuogelea, akapangusa uso kwa mkono wa shati, akaliweka jarida kwapani kama watu wanavyobeba gazeti, akajichanganya na watu waliokuwa wakitoka kazini.