Gunzi Kwenye Tenki la Landrova

Kila baba yake alipopata safari, Germana alikuwa na kazi aliyoipenda kuliko kula: kumimina petroli kwenye Landrova. Alitandika kitambaa cheupe kwenye mdomo wa tenki, akainamisha dumu polepole, na taka zote zikabaki juu ya kitambaa. Baba yake, Thomasi, alikuwa dereva na fundi wa gari lake mwenyewe pale Karatu, na gari lenyewe lilikuwa kongwe kuliko Germana. Miaka ile petroli ilipatikana kwa kibali, tena kwa taabu. Watu waliihifadhi kwenye madumu, na kwa kuwa vifuniko vilikwisha kupotea, waliyaziba kwa magunzi ya mahindi kama walivyoziba vibuyu vyao.

Kisha akaja Marsela. Alikuwa mtoto wa shangazi yake Germana, ametoka Mang'ola kuja kusoma Karatu. Huko kwao alikulia kando ya malori ya vitunguu, na masikio yake yalizijua injini. Siku moja alisimama karibu na Landrova akasema, "Mjomba, plagi moja haichomi." Thomasi akacheka, akafungua boneti, akakuta ni kweli. Tangu siku hiyo ikawa Marsela njoo usikilize, Marsela lete spana. Hata kitambaa cheupe kikahamia mikononi mwa Marsela, na Germana akabaki na kazi ya kuosha matairi.

Tusifichane, wivu ulimwingia Germana ukamkaa. Marsela akicheka, Germana alinuna. Marsela akikohoa, Germana aliona anajisifu.

Ijumaa moja ya likizo, nesi Lukresia wa zahanati alifika nyumbani kwao. Ugonjwa wa surua ulikuwa umeingia kwenye maboma ya Ngorongoro, na gari la zahanati lilikuwa bovu.

"Kesho nitakuja na sanduku la barafu lenye chanjo," alimwambia Thomasi. "Barafu ikiyeyuka njiani, chanjo inaharibika. Na akina mama wameshaambiwa wawakusanye watoto."

"Tutaondoka mapema, nesi," Thomasi alijibu. "Marsela, mafuta ni kazi yako. Utakaa mbele pamoja nasi, uisikilize injini. Germana, wewe kaa nyuma ulishike sanduku."

Germana alizaliwa Karatu, lakini hakuwa amewahi kuiona kreta ya Ngorongoro. Sasa angepelekwa kuiona akiwa nyuma, huku mgeni amekaa mbele. Aliinama machozi yasionekane.

Asubuhi aliamka kabla ya Marsela. Alitaka baba akute tenki limejaa, aulize ni nani aliyefanya, naye ajibu ni mimi. Alitafuta kitambaa hakukiona. Marsela alikuwa amekifua na kukiweka mahali, na Germana hakuwa tayari kumwomba chochote. Akashika gunzi lililoziba dumu, akavuta. Gunzi lilikuwa limelowa petroli, likakatika. Nusu ilibaki mkononi, nusu ikatumbukia ndani, ikavunjikavunjika. Mara akasikia hatua za baba. Akamimina yote haraka, taka na petroli pamoja, akajificha nyuma ya ghala.

Baba alifika, akachungulia tenki, akamwona Marsela akitoka na mizigo. "Vizuri sana, Marsela," akasema. "Kazi imekwisha mapema."

Sifa aliyoitafuta Germana ikaenda kwa mwingine. Na angedai vipi ni yake, wakati nusu ya gunzi imo ndani ya tenki?

Barabara ya tambarare haikuwa na shida. Baada ya geti la Ngorongoro, palipoanza mlima na msitu, Landrova ilikohoa, ikaishiwa nguvu, ikatambaa kwa gia ya kwanza kama kizee anayepanda ngazi. Mwishowe Thomasi akaegesha kando.

Alifungua boneti, akang'oa waya za plagi moja baada ya nyingine, kila mara injini ikibadilika sauti. "Plagi zote zinachoma," akasema. Akakung'uta vumbi kwenye chujio la hewa. Wakaondoka tena, gari likapanda vizuri kidogo, kisha likalegea kama mwanzo.

"Isije ikawa vali," Thomasi alisema. "Ikiwa ni vali, safari imekwisha."

Marsela alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza. "Mjomba, ikipumzika inapata nguvu. Ikipanda kidogo, inachoka. Mimi naona ina njaa. Petroli haifiki ya kutosha."

Chini ya pampu ya mafuta palikuwa na kikombe cha kioo cha kunasa uchafu. Thomasi aliegesha tena, akashuka, akakifungua. Ndani yake kulikuwa na chembechembe nyekundu. Alizisugua kwa vidole, akazijua.

"Gunzi," akasema. "Marsela, hukutumia kitambaa?"

"Sikumimina mimi, mjomba. Nilikuta tenki limejaa, nikadhani ni wewe."

"Na nilipokusifu?"

"Nilidhani unasifu mizigo niliyoifunga."

Thomasi alimtazama kwa muda mrefu, na ilionekana wazi kuwa hakumwamini. Ndilo jambo alilolitaka Germana miezi yote hiyo. Moyo wake ulifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa chungu hata hakuweza kuimeza.

"Haya, ni vipande vichache," Thomasi alisema akifunga kikombe. "Kimeshakuwa safi. Twendeni."

Mbele yao barabara ilipinda juu ya korongo. Germana peke yake ndiye aliyejua kwamba havikuwa vipande vichache. Wakati huo maji baridi yalidondoka mapajani mwake kutoka kwenye sanduku. Barafu ilikuwa inayeyuka.

"Baba, usiwashe," alisema. "Ni mimi niliyemimina. Bila kitambaa. Gunzi lilikatikia ndani, na nusu nzima imo kwenye tenki. Marsela hajui lolote."

Thomasi alizima swichi, akashuka. "Tungezimikia kwenye kona," akasema taratibu. "Leteni dumu."

Walifungua nati ya chini ya tenki, wakaitoa petroli yote. Germana alivua kitenge chake kipya alichojitanda, akashika upande mmoja, Marsela akashika mwingine, na petroli ikachujwa ikirudi. Gunzi lilibaki katikati ya kitenge. Marsela hakusema neno la kumsuta, na hilo lilimuuma Germana kuliko kofi.

Landrova ikapanda mlima bila kukohoa. Kwenye boma, mama mmoja aitwaye Nosim alikuwa wa kwanza kwenye foleni, mtoto mgongoni. Nesi Lukresia alifungua sanduku. Palikuwa na vipande vidogo vya barafu, navyo vilitosha.

Walipokuwa wakimsubiri nesi, Thomasi aliwachukua wasichana mpaka ukingoni. Kreta yote ilikuwa chini yao, kubwa kuliko Germana alivyowahi kuota. Lakini alikuwa akitazama viatu vyake.

"Germana," baba alisema, "umedhani mapenzi yangu ni petroli ya kibali, kwamba mwenzako akipewa, wewe umepunguziwa. Hayapimwi kwa dumu, mwanangu. Wivu ulikuhimiza uharibu kazi unayoijua vizuri, na nusura watoto wa watu wakose chanjo. Kosa umelitenda. Lakini umelisema mwenyewe, kabla ya kona, na ndiyo maana tumefika."

"Nisamehe, baba. Marsela, nisamehe."

"Yamekwisha," Marsela alisema. "Ila kitambaa kipo chini ya mto wangu. Ungeniuliza tu."

Thomasi akacheka. "Kuanzia kesho, kumimina petroli ni kazi ya Germana tena, na Marsela atashika kitambaa. Namtaka mtu anayejua gunzi moja linaweza kufanya nini."

Wakati wa kurudi, kiti cha mbele kilikuwa na nafasi. Marsela alikitazama, akazunguka, akapanda nyuma, akakaa kando ya Germana.