Kilichopanda Kigarini

Delfina aligundua kwamba kigari kimekuwa kizito wakiwa kwenye mteremko, mahali ambapo hata mtoto angeacha kupiga pedali akateleza tu. Ndiyo kwanza walikuwa wametoka kwenye handaki refu, lile linalovuja maji mwaka mzima. Nyuma ya baiskeli yake alikuwa amefunga kigari cha turubai, na humo alikaa bintiye Olaya, mtoto wa miaka mitano asiye na uzito wa kutisha mtu. Lakini mama mtu alisukuma kama anayepanda mlima, mapaja yakimuwaka moto.

Mumewe, Pelayo, alimngoja darajani. Alimtania kwamba ndiyo matokeo ya kujaza tumbo maharage na soseji kisha ukataka kushindana na vijana. Delfina akamtaka akague magurudumu. Yalizunguka vizuri. Pelayo akainamia turubai amtazame mtoto, akajivuta nyuma na kuziba pua.

"Fina, mtoto kajinyea."

Hakuwa amejinyea. Nguo zake zilikuwa safi. Harufu ilitoka upande wa pili wa kiti, pale pasipo na mtu, na ilikuwa harufu ya mafuta ya nguruwe yaliyochacha, pamoja na pumzi ya kinywa kilichooza meno. Kitambaa cha kiti upande ule kilikuwa kimebonyea. Delfina akakigusa. Vidole vikarudi na ute wa vuguvugu.

Alijipangusa kwenye majani, akajipangusa tena, akaosha mikono mtoni mpaka ikawa myekundu. Alikuwa mwoka keki mjini, mwanamke wa kufunga nywele kitambaa mara mbili kabla hajagusa unga, na uchafu ulimuudhi kama matusi.

Njia ile zamani ilikuwa ya treni za makaa ya mawe. Machimbo yalipofungwa reli ikang'olewa, lami ikamwagwa, na sasa Jumapili bonde lote hujaa familia na baiskeli zao. Wazee wa vijiji vya juu hawapiti handakini. Ukiwauliza sababu, wanakuambia magoti yanawauma.

Harufu iliingia nao nyumbani. Delfina alisugua kigari kwa dawa ya madoa, kisha kwa siki, mwisho akakiacha nje uani, lakini ilishahamia chumbani kwa Olaya. Asubuhi mto wa mtoto ulikuwa umelowa mate mazito. Maziwa yaliganda kwenye kikombe kabla hayajafika mezani. Siku moja Delfina alikuwa akichota maharage, mwiko ukaibuka na unywele mrefu wa kijivu, akauvuta, ukazidi kuja, na mwishoni ulikuwa umeshika kipande cha ngozi. Alitapikia sinkini.

Olaya, kwa upande wake, aliomba chakula kila mara. Sahani zilirudi tupu, zimelambwa, nazo mbavu zake zikazidi kuhesabika. Daktari alimpima, hakuona kitu, akatoa dawa ya minyoo. Ndipo Delfina alipojibanza nyuma ya mlango mchana mmoja amtazame mwanawe anavyokula, na akaona mtoto amekaa kimya mikono mapajani, wakati mlo ukipungua kwenye sahani kidogo kidogo, na sauti ya kutafuna kwa mdomo wazi, ya kufyonza na kubeua, ikitoka kwenye kiti cha pembeni kisicho na mtu.

Walimpeleka kwa Etelvina, mama mfuga ng'ombe wa kijiji cha juu, ambaye bonde zima humwendea kwa jicho baya na maradhi yasiyo na jina. Etelvina aliwakuta mlangoni, akanusa, akatema mate pembeni. Hakuwauliza wazazi chochote. Alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Ulimpa nini, binti yangu?"

"Mkate wangu wa soseji. Alikuwa amekaa ndani ya shimo la ukutani, kule handakini, mama alipoteremka kufunga kamba ya kiatu. Alisema ana njaa."

"Akakuambia nini alipoupokea?"

"Akasema sasa mimi na yeye tumekula pamoja."

Etelvina alimtoa mtoto nje akatazame ndama, kisha akarudi akawaambia kwa sauti ya chini kwamba jini huyo hakuvamia, alikaribishwa, na aliyekaribishwa hafukuzwi kwa maji ya baraka hata wayamwage mpaka nyumba ielee. Lazima achukuliwe na kigari kilekile, arudishwe, na mkate uliotolewa uliwe na mtu wa damu ya aliyeutoa.

Delfina alisema mkate ule ni wa wiki kadhaa, bila shaka panya wameumaliza.

"Panya hawaugusi. Utaukuta palepale shimoni."

"Nitaula mimi," Pelayo akasema.

"Damu ninayosema ni ya aliyembeba tumboni, na wewe hukumbeba. Na wewe, mama, usitapike. Ukitapika, umempa tena."

Walikwenda siku hiyohiyo, jua likiwa kali. Pelayo alibaki na Olaya nje ya handaki, na Delfina akaingia peke yake akivuta kigari kitupu kilichokuwa kizito kuliko siku ya kwanza, maji yakimdondokea shingoni, kisha akatambua kwamba yanayomdondokea ni ya moto, kwamba kuna kinywa nyuma ya kisogo chake kinachopumua harufu ileile ya mafuta, na akaendelea kukanyaga pedali bila kugeuka mpaka akalifikia lile shimo walimokuwa wakijibanza mafundi wa reli treni inapopita, akapapasa ndani, akakutana na kitu laini chenye manyoya ya ukungu, kimevimba, kimelowa, konokono wasio na magamba wakitambaa juu yake, na akakitia mdomoni hivyo hivyo. Kikapasuka kati ya meno. Matapishi yakapanda hadi kooni, akayameza pamoja na tonge. Akauma tena, machozi na kamasi zikimtiririka, kitu kikinguruma kwa hasira sikioni mwake, akauma tena, mpaka mkono ukawa mtupu.

Kukasikika mfyonzo, kama mguu unaonasuka topeni. Kigari kikainuka kwa springi zake.

Waliteremka hadi kwenye mkahawa wa darajani. Olaya alikula mayai na viazi kwa kinywa chake mwenyewe, akaomba vingine, na Pelayo akawa analia huku akimimina sharubati ya tufaha nje ya bilauri. Alimsogezea mkewe sahani.

"Kula, Fina. Yamekwisha."

Delfina alionja yai. Lilikuwa na ladha ya sabuni. Aliliweka chini taratibu, akafunga mdomo, akawa anatafuta kwa ulimi nyuma ya gego, ambako uzi mmoja wa ukungu wa ule mkate ulikuwa bado umenasa. Aliupata. Hakuumeza. Aliushikilia pale, akiunyonya polepole, ili usiishe upesi.