Ufa Chini ya Lipu

Ukuta wa ghala la Hebroni pale Mwaya ulikuwa umepasuka na kuinama, na Hebroni aliuficha.

Ghala lilikuwa la ushirika. Ushirika ulipokufa na mali zake kuuzwa, akalinunua. Alitaka kuongeza ghorofa, wafanyabiashara wa Malawi walale juu, mpunga ukae chini. Mkewe Keziya alishikilia mhandisi apime kwanza, maana yeye mke ndiye angeshinda humo akiuza.

Mhandisi Ambrose akatuma salamu kutoka Mbeya: anakuja na mashine ya leza, jengo liachwe lilivyo.

Ndugu zangu, sisi mgeni tunamkandikia nyumba. Hebroni akamwita Asegelile, fundi lipu.

"Mgeni wa Mbeya apokelewe na ufa? Nitachekwa mpaka Ikolo!"

Asegelile akashindilia tope ufani, akaunyoosha ukuta kwa lipu nene, akapaka chokaa.

Ambrose akasimamisha mashine juu ya miguu mitatu. Ikazunguka, ikipima kila mahali mwanga wake ulipogonga, ndani na nje, mpaka umbo la jengo zima likaingia kwenye kompyuta. Lakini harufu ya chokaa mbichi ilimfikia.

"Mzee, unene wote huu ni tofali? Mashine inaona ngozi, haioni nyama. Nichimbe kidogo."

"Uniharibie ukuta? Basi mashine ya nini, mwanangu, kama unarudia nyundo?"

Watu waliokuja kutazama wakacheka. Keziya akafungua mdomo; Hebroni akamkata jicho.

Ambrose naye akaona haya, akarudisha nyundo mkobani. Kompyuta ikapiga hesabu ya ukuta iliouona, ikajibu: utabeba.

"Ndaga fijo!" Hebroni akashukuru.

Ghorofa ikapanda. Masika yakaja, tope likalainika. Asubuhi moja Keziya akimpimia mteja mchele, lipu ikaanza kudondoka.

"Mama Nancy, toka!" Hebroni alimpigia mkewe kelele. "Toka!"

Keziya akamsukuma mteja kwanza.

FUNZO

Mashine haidanganyi, inarudia ulichoionyesha. Anayekuja kupima nyumba yako, au mwili wako, mwonyeshe palipooza. Na wewe mpimaji, ukiwa na shaka chimba, hata wakucheke.

Hebroni alipoteza ghala, ghorofa na mpunga wa msimu mzima. Ambrose alipoteza kazi. Asegelile hashiki mwiko tena. Mteja alivunjika mguu. Keziya tulimzika.