Sentensi Alizoruka Milembe

Diwani Felisita hakuwa na gari. Hakuwa na ofisi yenye feni, wala karani, wala mtu wa kumpigia makofi kila akikohoa. Tena tangu aanguke na pikipiki njia ya Mwanhuzi, hakuwa hata na mkono wa kuandikia, yeye aliyetunga vitabu vinne vya hadithi kabla ya kuingia kwenye siasa. Mkono wa kulia ulining'inia shingoni kwa kitenge.

Kwa hiyo Milembe wa darasa la sita, akishateka maji, alikaa mezani kumwandikia shangazi yake. Kazi haikukosekana. Wakulima na wafugaji walipogombana, Felisita hakuwakutanisha kwanza. Kila upande uliandikiwa barua yenye maneno ya mwenzake, ikasomwa mkutanoni polepole, hasira ipungue kabla watu hawajaonana.

Jumatatu alikuja mzee Maganga, kiongozi wa wafugaji.

"Andika hivi, mjukuu. Ng'ombe wetu wamekula pamba ya Masele. Tumekosa. Vijana wetu watampalilia sehemu iliyobaki mpaka avune. Tunaomba mtufungulie ngitili, malisho mliyoyatunza, ng'ombe wasife kabla ya mvua."

Masele alikuwa baba yake Milembe. Milembe alikuwa amemwona mama yake akilia katikati ya mipamba iliyobaki vijiti. Aliponakili barua kwa usafi, aliruka kosa na palizi, akaacha ombi peke yake. Shangazi alitia saini kwa mkono wa kushoto bila kusoma.

Alhamisi darasani, Winnie alimgeukia Mwandu, mjukuu wa Maganga.

"Mmekula pamba, sasa mnataka na majani. Leo jioni mkileta ng'ombe, sungusungu wanawasubiri ngitilini na fimbo."

"Babu aliomba radhi. Nilikuwepo."

"Barua imesomwa mbele ya watu. Hiyo radhi mliificha zizini?"

Wenzao wakacheka. Milembe alisoma mstari mmoja wa kitabu mara tano asiuelewe. Dawati lilimchoma. Kengele ya mapumziko ilipolia, alikimbia moja kwa moja mpaka kwa shangazi.

"Mbona unahema kama umekutana na fisi?"

"Shangazi, barua ya mzee Maganga niliikata. Niliruka pale alipoomba radhi."

Felisita aliweka chini kisu alichokuwa akikatia mchicha. "Kwa nini?"

"Mama alilia. Sikutaka waonekane wazuri."

Shangazi hakumgombeza. Alimpigia simu mwenyekiti wa kijiji, Mayige, akamweleza yote.

"Diwani, nikiwaambia ni maneno ya simu, vijana watasema unawatetea wenye ng'ombe," Mayige alijibu. "Nipe karatasi. Nitawazuia hadi saa kumi. Masele yuko hapa, anasema alikuwa anangoja neno hilo moja tu. Akilisikia likisomwa, yeye mwenyewe atawarudisha vijana nyumbani."

Maganga akaitwa, akarudia maneno yake. Milembe aliandika yote, macho yakikimbilia saa ya ukutani. Alipomaliza alimsomea, mzee akatia dole gumba.

"Vitabuni nilimfanya mtu mkorofi nikipenda, kwa sababu nilimtunga mwenyewe," alisema shangazi. "Huyu sikumtunga. Ukiaminiwa kuandika maneno ya mtu, yafikishe yote, hata yale usiyotaka ayaseme. Hasira yako si kosa, mwanangu. Ungeniambia, tungeiandika chini ya jina lako."

Milembe alitazama nafasi iliyobaki chini ya karatasi. Baba angekuwepo mkutanoni. Winnie naye angesikia. Akaandika: "Mzee Maganga aliomba radhi tangu Jumatatu. Niliyeruka maneno yake ni mimi, Milembe Masele."

Shangazi alisoma kila neno, safari hii bila haraka, kisha akatia saini. Milembe aliikunja barua, akapaka gundi, akaubana mdomo wa bahasha kwa vidole vyote. Saa tisa na nusu Josia wa bodaboda aliitia ndani ya koti, akafunga zipu, akaondoka.