Kanda Iliyosimama Katikati

"Umeitazama?"

Sauti ya Khairiya kwenye simu ilikuwa ya mtu anayejificha.

"Nimetazama nini?"

"Hamdun, usinifanyie mzaha! Kanda niliyorudisha asubuhi. Kwenye jalada la *Mji Juu ya Zuhali* nimetia kwa makosa ya kupamba, ile sherehe ya bibi harusi dada Alawiya. Wanawake peke yetu, vichwa wazi, twacheza! Mama ashajua. Asema kama umeiona, wazee wako wasije Ijumaa."

Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa posa yangu. Mwaka wa 1991, nikiwa na duka la kukodisha kanda za video Bombolulu.

Nilifunga duka, nikaichukua ile kanda, nikaenda kwao Kisauni. Mamake alinipokea mlangoni, leso begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wangapi wameiona?"

Nikamnyooshea kanda ndani ya jalada lake.

"Mama, mimi nakodisha kanda, sikodishi heshima za watu! Nilifungua jalada, nikasoma jina la bibi harusi, nikafunga."

"Maneno matamu kila mtu anayo."

"Basi itie kwenye deki. Kila kanda ikirudi dukani naizungusha hadi mwanzo, ndiyo kazi yangu. Hiyo sikuigusa. Wewe uliiachia wapi?"

Akafikiri. "Jana magharibi ilipoadhiniwa, nikazima. Nana, bibi yake Khairiya, ndiyo kwanza ainuke kucheza."

"Itie. Mimi nangoja nje."

Nikasimama barazani, uso nimeupa barabara. Ndani pembe za vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, zikalia katikati ya wimbo, kisha kicheko cha mama: "Nana huyo! Tazama kiuno!"

Akazima. Alipotoka alikuwa ameshika jalada.

"Beti hii nani kaiandika?"

"Mimi. Kanda mpya zikija, kila niipendayo naiandikia."

Akasoma kwa sauti:

*Chombo cha bati na taa, chapaa kwenda Zuhali,*
*Nahodha amekataa, kumwacha mwenziwe mbali.*

"Umesomea wapi?"

"Sikufunzwa na mtu, mama."

"Wajivuna."

"Kidogo."

Nyuma ya pazia Khairiya akacheka. Mama hakumkemea.

"Leo, kabla hujaja, natia kanda nimwone Nana, naona mtu kavaa ndoo kichwani! Nikataka kuzima. Kumbe ni wale wale wa Zuhali! Niliwaona kwa ami yangu nikiwa mwari, kwenye televisheni ya miguu minne, picha kama mvua. Leo wang'ara. Hata uzi unaoning'iniza chombo nimeuona."

"Na bado waogopa kisianguke?"

"Wallahi, nimeshika roho! Siku hizi hawatengenezi hivyo. Kisha ikaishia nahodha kafungiwa nje, hewa yamwishia."

"Ataokolewa kwenye kanda ya pili..."

"Nyamaza! Usinimalizie!"

Akarudi ndani, kisha akachungulia tena.

"Wazee wako waje Ijumaa baada ya swala. Na hiyo kanda ya pili waje nayo. Wakiisahau, mwari sitoi."